Mahame ya Pate na Vita vya Mvita: Tungo Mbili za Zama Moja Katika Zoezi la Shule

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu zoezi ambalo kila mwalimu wa fasihi nchini Kenya amepata kulitoa. Mwanafunzi hupewa tungo mbili zinazotofautiana, akaambiwa azilinganishe. Nia yetu si kulikashifu zoezi hilo, kwani lina manufaa yake. Tunakusudia kuchunguza lilikotoka, kitu gani kiliachwa njiani lilipokuwa likija, na namna kitu hicho kinavyoweza kurudishwa darasani.

Mfano tutakaoutumia ni wa tungo mbili za pwani ya Kenya. Ya kwanza ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Ya pili ni shairi la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy kuhusu mji wake wa Mombasa, ambao wenyewe huuita Mvita. Zote mbili ni za zama zile zile ambazo katika historia ya fasihi ya Ulaya huitwa zama za ulimbwende, yaani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 18 hadi karibu na katikati ya karne ya 19, walipokuwa wakitunga Wordsworth, Coleridge, Shelley na Keats.

Yafaa tueleze mapema chanzo cha uchunguzi huu. Kabla ya kwenda Uingereza kwa masomo ya shahada ya pili, mwandishi alifundisha Kiswahili kwa miaka miwili katika shule moja ya upili karibu na soko la Zombe, mashariki ya mji wa Kitui. Siku moja aliandika ubaoni beti chache za Al-Inkishafi, na kando yake shairi la Muyaka, bila jina wala tarehe, akawataka wanafunzi wa kidato cha tatu wazilinganishe. Walifanya kazi nzuri. Walihesabu mizani, wakataja vina, wakaonyesha kwamba mtunzi wa kwanza anahuzunika na wa pili anajigamba. Takriban wote walipata alama za juu. Madaftari yalipokwisha kurudishwa, mmoja wao aliinua mkono, akauliza kama watu wale wawili waliishi wakati mmoja, na kama ndivyo, kwa nini mmoja aliona dunia imekwisha na mwenziwe akaiona ndiyo kwanza inaanza.

Mwalimu hakuwa na jibu. Alikuwa amesahihisha tofauti arubaini na kitu bila ya kujiuliza hata mara moja sababu ya tofauti zenyewe. Makala haya ni jibu lililochelewa.

2. Asili ya zoezi

Kulinganisha watunzi ni jambo la kale. Washairi wa Kiswahili walikuwa wakipimana kwa kujibizana muda mrefu kabla ya kuja kwa shule za kizungu. Lakini zoezi tulilonalo, la kuweka tungo mezani peke yake na kuitafuta maana yake katika maneno yake tu, lina historia fupi inayojulikana.

Mnamo 1929 I. A. Richards, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha kitabu cha majaribio aliyoyafanya na wanafunzi wake. Aliwagawia mashairi aliyoyaondoa majina ya watunzi, akawataka waandike maoni yao. Alitaka kuonyesha kwamba msomaji aliyezoea kutegemea sifa ya mtunzi hushindwa kuyasoma maneno yaliyo mbele yake. Katika hilo alikuwa na haki. Wanafunzi wake waliyadharau mashairi ya mabingwa na kuyasifu mashairi hafifu. Njia yake ilienea upesi, ikaingia katika mitihani ya shule.

Kenya ilipokea mitihani hiyo kutoka Cambridge. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa 1967, na Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya likafuata 1980. Katikati ya miaka hiyo palitokea mjadala mkubwa. Mwezi Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakidai kwamba fasihi ya Kiafrika iwe kitovu cha masomo badala ya Kiingereza. Mwaka 1974 walimu na wahadhiri walikutana katika shule ya Nairobi School kuzungumzia ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za sekondari. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa, nasi hatuna budi kuyashukuru. Hata hivyo yaligusa zaidi orodha ya vitabu kuliko namna ya kuuliza. Maswali ya ushairi yaliendelea kumtaka mtahiniwa ataje bahari, uhuru wa mshairi, nafsineni na toni, na aghalabu shairi lenyewe huja likiwa halina mwaka wala mji. Richards aliondoa majina ya watunzi waliokuwa wakijulikana kupita kiasi, na wanafunzi wake wangeweza kuyapata maktaba jioni ile ile. Sisi tunamwondolea mwanafunzi wa Zombe majina ambayo hajapata kupewa. Kwake yeye kazi hiyo haiondoi upendeleo wowote. Inamnyima tu habari.

3. Zama zenyewe

Tuirudishe basi miaka mahali pake. Kwa makadirio ya wataalamu, Sayyid Abdalla aliishi tangu karibu na 1720 hadi karibu na 1820, na Al-Inkishafi ni kazi ya miaka yake ya mwisho, pengine baina ya 1810 na 1820. Muyaka alizaliwa Mombasa karibu na 1776, akafariki 1840. Kwa hiyo walikuwa hai pamoja kwa zaidi ya miaka arubaini, mmoja akielekea uzeeni na mwingine akiingia utu uzima.

Miji yao ilikuwa imefungamana katika mambo ya vita. Pate ilikuwa imepata kuwa dola yenye nguvu na utajiri mwingi uliotokana na biashara ya bahari, lakini mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa imedhoofishwa na magomvi ya kugombea utawala na vita na jirani zake. Mombasa ilitawaliwa na ukoo wa Mazrui, waliokuwa hawautambui tena ukubwa wa watawala wa Oman. Karibu na 1813 majeshi ya Mombasa na Pate yaliungana kuishambulia Lamu, yakashindwa vibaya Shela. Watu wa Lamu, kwa kuogopa kisasi, walimwomba Said bin Sultan wa Oman awalinde. Tangu hapo nguvu za Oman zikawa zinakua kaskazini mwa pwani, na nafasi ya Pate ikazidi kupungua.

Kwa Pate hiyo ilikuwa kama hatima. Kwa Mombasa ulikuwa mwanzo wa mapambano ya robo karne. Mnamo 1824 Mazrui waliipandisha bendera ya Uingereza baada ya kuelewana na Kapteni Owen, na 1826 Waingereza wakajitoa. Tangu 1828 Said bin Sultan aliuendea mji mara kadhaa kwa majeshi, na ni 1837 tu ndipo utawala wa Mazrui ulipovunjwa. Katika miaka hiyo yote Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa na sauti ya Mombasa, akitunga kwa kuwatia moyo wenziwe na kuwakejeli wapinzani.

Jibu la awali la swali la mwanafunzi wetu limekwisha kupatikana. Watunzi hawa wawili walisimama upande mmoja na upande mwingine wa kushindwa kumoja. Mzee wa Pate alikuwa akitazama nyumba ambazo wenyewe wamekwisha kuondoka. Mtu mzima wa Mombasa alikuwa akitazama ngome iliyokuwa bado na walinzi.

4. Fani kama ushahidi

Tukizitazama sasa tungo zenyewe, tutaona kwamba zile sifa za fani ambazo wanafunzi walizihesabu kwa usahihi zina jambo la kutueleza.

Al-Inkishafi ni utenzi wenye beti zisizofika themanini. Kila ubeti una mistari minne ya mizani kumi. Mistari mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na mstari wa nne hubeba kina kinachorudiwa mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Mtunzi anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anauonya juu ya dunia, akiifananisha na bahari iliyochafuka na taa inayowaka penye upepo. Anaukumbusha fahari ya matajiri wa Pate, majumba yao yenye taa na vidaka vya vyombo vya Kichina, kisha anauonyesha majumba hayo hayo yakikaliwa na popo na buibui. Mwisho anauonyesha Jahannamu.

Utungo wa namna hiyo haungoji jibu. Anayeambiwa ni moyo, na moyo unatakiwa kunyamaza na kuogopa. Kile kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti kinaufanya utenzi wote kuwa hoja moja inayosogea bila kukatizwa na mtu mwingine.

Shairi la Muyaka ni kinyume chake. Lina mistari ya mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Ni fupi na ni jepesi kushikwa kwa moyo. Linaweza kutungwa asubuhi, likaimbwa barazani mchana, na kupata mpinzani kabla ya jua kuchwa. Anapousifu mji wake, anausema kama mji wa kale wenye siri zake, ambao mgeni asikimbilie kudhani ameujua. Maneno yake yana msikilizaji aliye mbele yake, tena msikilizaji mwenye silaha.

Imekuwa kawaida kusemwa kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Usemi huo una ukweli, lakini ukifundishwa peke yake hupotosha, kwani humfanya mwanafunzi adhani kwamba Sayyid Abdalla ni wa zamani na Muyaka ni wa kisasa, kana kwamba mmoja alimrithi mwenziwe. Fani hizi mbili ziliishi pamoja. Kilichozitenganisha ni kazi iliyotakiwa kufanywa. Mji unaopigana unahitaji maneno yanayoweza kujibiwa, na mji uliokwisha huhitaji wasia.

Hapa tujihadhari. Yumkini atatokea mtu aseme kwamba tumeyafanya mashairi kuwa vivuli vya vita. Pingamizi hilo ni la haki. Maombolezo ya majumba yaliyohamwa hayakuanzia Pate. Ushairi wa zuhudi katika Kiarabu, ambao Abu al-Atahiya aliusifika kwao katika karne ya 8 na ya 9, ulikuwa umekwisha kuuliza wako wapi wafalme na majumba yao. Sayyid Abdalla, akiwa mtu wa ukoo wa masharifu na mwenye elimu ya dini, aliurithi utaratibu huo. Historia haikumpa umbo la hoja yake. Ilimpa majina ya watu aliowajua na vyumba alivyopata kuviingia, na hapo ndipo utenzi wake unapoachana na mawaidha ya kawaida.

5. Shelley na mahame ya mbali

Mwalimu anayefundisha Kiswahili na Kiingereza, nao wako wengi, huvutiwa kuiweka Al-Inkishafi kando ya soneti ya Shelley iitwayo Ozymandias. Ilichapishwa London Januari 1818, yaani katika muongo ule ule. Zote mbili zinaonyesha fahari iliyogeuka kifusi. Ni rahisi kumalizia kwa kusema kwamba Sayyid Abdalla naye alikuwa mlimbwende. Tunaona kwamba hilo ni kosa, na linganisho lenyewe ndilo linaloonyesha ni kosa.

Shelley hakupata kufika Misri. Alitunga mwishoni mwa 1817 kwa kushindana na rafiki yake Horace Smith, na jina la mfalme alilipata katika maandishi ya kale ya Kiyunani. Ni jina walilompa Ramesses wa Pili. Katika miaka hiyo hiyo Belzoni alikuwa amekwisha kuling'oa sanamu kubwa la mfalme huyo kutoka Thebes ili lipelekwe London. Kwa Shelley mahame ni habari iliyoletwa na msafiri, na katika soneti yake ni msafiri kweli anayesimulia. Lengo lake ni kuwafedhehesha madhalimu. Naye ni mtu aliyefukuzwa Oxford 1811 kwa sababu ya kijitabu cha kutetea ukanaji Mungu.

Sayyid Abdalla hakuhitaji msafiri. Mahame yalikuwa mtaani kwake, na waliokufa walikuwa jamaa zake. Hamfedhehi dhalimu yeyote. Anajihesabu yeye mwenyewe miongoni mwa watakaoulizwa. Kwa Shelley, kuanguka kwa mfalme ni faraja kwa wanaoonewa. Kwa Sayyid Abdalla, kuanguka kwa Pate ni onyo kwa aliyebaki. Taswira ni moja na shabaha ni mbili.

Linalowaunganisha ni dunia iliyokuwa ikitikisika. Napoleon aliingia Misri 1798, na ushindani wa Uingereza na Ufaransa ukafika hadi Bahari ya Hindi, ambako Oman nayo ilifungamana na Waingereza mwaka huo huo. Mawimbi yaliyomletea Shelley habari za Thebes hayakuwa mbali na mawimbi yaliyokuwa yakiibeba nguvu ya Oman kuelekea Lamu.

6. Waliotukabidhi

Hapana budi pia tuulize tungo hizi zilifikaje mkononi mwa mwalimu. Mashairi ya Muyaka yangalipotea kwa sehemu kubwa kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyeyakusanya kutoka kwa wazee na kuyafafanua. W. E. Taylor, mmisionari aliyefika Mombasa 1880, alifanya kazi pamoja naye, na karatasi zao sasa zimehifadhiwa SOAS, London. Al-Inkishafi ilitokea katika kitabu cha Stigand cha 1915 pamoja na tafsiri ya Taylor. William Hichens alihariri Al-Inkishafi 1939, na Diwani ya Muyaka ikafuata 1940. Kazi ya Mohamed Hassan Abdulaziz juu ya Muyaka ilichapishwa Nairobi 1979, nayo ndiyo iliyomrudisha mshairi huyo katika mitaa na siasa za Mombasa yake.

Maana yake ni kwamba tungo mbili zilizozaliwa katika miji miwili yenye hali mbalimbali zilikutana katika kabati moja, na mhariri mmoja akazitoa kwa kufuatana. Mwalimu anayeziweka ubaoni pamoja hafanyi jambo geni. Lakini katika safari hiyo jina la Mwalimu Sikujua limetajwa kidogo sana kuliko la Taylor, na wanafunzi wetu wengi hawajalisikia kabisa.

7. Zombe na pwani

Limebaki jambo moja, nalo kwetu ndilo zito zaidi. Mwanafunzi wa Kitui huambiwa, au hudhani bila kuambiwa, kwamba ushairi huu ni mali ya watu wengine. Yeye huusoma ili apasi. Mwalimu naye husaidia dhana hiyo anapouleta ukiwa hauna mji wala mwaka.

Ukweli wa historia ni mwingine. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka pwani na pembe za ndovu, ikirudi na nguo, ushanga na nyaya za shaba. Krapf, aliyefika Mombasa 1844, alipanda hadi Ukambani 1849, miaka tisa tu baada ya kufa Muyaka, akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Kivoi aliuawa 1851 katika safari ya kuelekea mto Tana, Krapf akiwa pamoja naye. Watu wa nchi hii hawakuwa wageni katika ulimwengu wa Muyaka. Mombasa aliyoisifu ilikula na kuvaa kwa sehemu kutokana na pembe zilizobebwa mabegani mwa babu zao.

Na hata katika sanaa daraja lipo. Wakamba wana nyimbo za myali, ambazo mwimbaji hutumia kukosoa mwenendo wa watu na viongozi mbele ya hadhara. Mwanafunzi aliyepata kusikia myali anaelewa upesi kuliko mwalimu wake kwa nini Muyaka anahitaji msikilizaji, na kwa nini neno la fumbo huuma kuliko tusi. Tulipojaribu baadaye kuanzia hapo, darasa liliacha kuhesabu mizani peke yake, likaanza kubishana juu ya nani anaambiwa nini.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba zoezi la kulinganisha tungo mbili lilitujia likiwa limevuliwa historia kwa makusudi ya mahali pengine, na kwamba kwa wanafunzi wetu uvuaji huo hauna faida. Pili, tumeonyesha kwamba tofauti za fani baina ya Al-Inkishafi na shairi la Muyaka zina maana pindi zinaporudishwa katika Pate iliyohamwa na Mombasa iliyokuwa ikipigana. Tatu, tumekataa kumfanya Sayyid Abdalla mfuasi wa ulimbwende ati kwa kuwa aliona mahame katika miaka ile ile aliyoyawaza Shelley.

Pendekezo letu ni dogo, wala halihitaji fedha. Kila shairi linalopelekwa darasani au mtihanini liandikwe chini yake jina la mtunzi, mji wake na mwaka, au makadirio ya mwaka. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote 2019, unadai kwamba mwanafunzi aweze kutumia anachojifunza. Hawezi kutumia asichoambiwa kilikotoka. Na swali la kwanza la zoezi liwe lile lililoulizwa Zombe: je, watu hawa wawili waliishi wakati mmoja, na kama ndivyo, kila mmoja alikuwa akitazama nini alipokuwa akitunga? Mizani na vina vifuate baadaye.